Mtahiniwa Namba Kumi na Saba

Shuleni, 3 Februari

Shikamoo Bibi,

Hunifahamu, nami nakufahamu kwa picha moja tu, ile iliyopo ukumbini, ambapo umejitundika futikamba shingoni kama mtu aliyevaa skafu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule uliyosoma. Oktoba hii shule inatimiza miaka sitini na mitano, na Mwalimu Mkuu amenipa kazi ya kuandika kitabu cha historia ya shule.

Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja. Nikapewa ufunguo wa stoo ya magodoro. Nyuma ya magodoro kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake madaftari ya Baraza la shule tangu siku ya kwanza. Bibi, nilisoma nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi nimekulia katika shule ambazo mtoto akiuliza swali mara mbili anaitwa mjuaji. Humu nakuta wasichana wa miaka kumi na minne wanapiga kura pamoja na walimu wao, kila mtu kura moja, na mpishi yumo. Ukurasa wa tatu umeandikwa: "Imeamuliwa kwamba mwalimu akikosea aombe radhi mbele ya wote, kama sisi. Wanaokubali: wote. Mwalimu Mkuu ameomba radhi kwa kuchelewa jana." Nilikaa juu ya godoro nikacheka peke yangu, kisha nikaona machozi yananitoka, na sijui hata yalikuwa ya nini.

Katika wale ishirini na wanne wa kwanza mmebaki watatu, na wenzako wawili kumbukumbu zimewatoka. Nakuomba uniandikie lolote unalokumbuka. Zaidi ya yote, nieleze siku ya mtihani wa mwisho wa hesabu, uliposhika nafasi ya kwanza nchi nzima, wavulana wakiwemo. Jina lako ndilo liko juu kabisa kwenye ubao wa heshima. Na nina habari njema: jengo jipya la sayansi litapewa jina lako.

Mtoto wako,
Mwalimu wa Historia


Nyumbani, 19 Februari

Marahaba mwanangu,

Vizuri umeandika barua. Kwenye simu nasikia nusu na kujibu robo. Mwandiko wangu unayumba, univumilie. Mkono huu umepima ardhi miaka thelathini na minane, sasa unadai likizo.

Tulifika tukiwa ishirini na wanne, tukakuta nyumba mbili zisizo na madirisha. Tukauliza madirisha yako wapi. Mwanamke mmoja mrefu, aliyevaa viatu vya kiume, akatujibu: "Kwa nini hayapo?" Tukadhani ni mfagizi mwenye kiburi. Kumbe ndiye Mwalimu Mkuu, na madirisha hayakuwepo kwa sababu tulikuwa hatujayatengeneza. Muhula ule tulijifunza useremala kabla ya sarufi. Kila swali letu alilirudisha kwa "Kwa nini?", basi tukambandika jina la Bi Kwanini. Alipolisikia, akaliandika mwenyewe kwenye mlango wa ofisi yake.

Hapakuwa na kiboko. Hilo lilitutisha kuliko kiboko. Aliyezoea kupigwa anajua adhabu inaisha lini. Kujieleza mbele ya wenzako, wanaokujua mpaka unavyokoroma, hakuna mwisho.

Jina la Futikamba nililipata mwaka wa pili. Karani wa ardhi alikuja na ramani akasema uzio wetu umeingia kiwanja kisicho chetu. Bi Kwanini akamwomba arudi baada ya siku mbili, akatupa kamba, vigingi na futikamba. Tukapima. Tukapima tena kuanzia upande wa pili. Kosa lilikuwa la ramani, hatua kumi na moja. Karani aliporudi alipima mwenyewe, akaikunja ramani yake kama mtu anayekunja nguo chafu mbele za wageni. Siku ile nilijua nitakuwa nani.

Lakini ukitaka kuandika habari za akili, mwandike Dada Mpishi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja tulipofika, na shule ya msingi hakuimaliza. Jiko lake lilitazamana na darasa letu. Siku moja Mwalimu wa Hesabu aliuliza swali, sote tukainamisha vichwa kama kuku wanaotafuta punje, mara sauti ikatoka jikoni: "Kumi na nne na nusu!" Tukaangua kicheko. Mwalimu akatazama daftari lake, akaacha kucheka. Ilikuwa kumi na nne na nusu. Jioni yake Baraza likapiga kura: tupike kwa zamu ili Dada Mpishi aingie darasani. Tangu siku hiyo tulikula vilivyoungua na vilivyo vibichi, na hakuna aliyelalamika. Mwandike huyo.

Kuhusu mtihani: siku ile kulikuwa na joto. Sina zaidi. Na jengo liiteni Jengo. Jina fupi, halimchoshi fundi wa rangi.

Bibi yako,
Futikamba


Shuleni, 8 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimekukamata. Ulificha, lakini nimelipata!

Ndani ya lile sanduku kuna daftari la wagonjwa. Limeandikwa: "12 Novemba. Namba kumi na saba, homa kali, anaweweseka. Amepelekwa zahanati ya mjini." Halafu: "15 Novemba. Namba kumi na saba amerudi, bado dhaifu." Namba kumi na saba ni wewe. Na mtihani wa hesabu ulifanyika tarehe 13.

Sasa naelewa kwa nini ulisema tu kulikuwa na joto. Joto lilikuwa mwilini mwako! Ulitoka kitandani unachemka, ukaenda, ukaandika, ukaishinda nchi nzima, ukarudi zahanati kulala, na maisha yako yote hukujisifu. Niliwasomea wasichana wa darasa la mwisho. Mmoja wao, mkaidi kuliko wote, alikuwa ameshaniambia kwamba hesabu anaziacha. Baada ya kipindi alikuja akasema ameahirisha kuziacha.

Nimeandika sura nzima. Fundi wa maandishi nimempa maneno ya kibao: "Jengo la Futikamba. Aliishinda homa, akaishinda nchi." Najua unyenyekevu wako, Bibi. Tafadhali usiniambie niyafute.

Mtoto wako,
Mwalimu wa Historia


Nyumbani, 17 Machi

Mwanangu,

Mwambie fundi aweke brashi chini. Fanya hilo kwanza, mengine uyasome umekaa.

Sikutoka kitandani. Tarehe 13 nilikuwa zahanati ya mjini. Nakumbuka kwa sababu nilihesabu mbao za dari siku nzima, na kila nikifika ishirini zinahama. Bi Kwanini alikuwa kando yangu kwenye kiti cha chuma, ananiwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kwa hiyo hata yeye hakuwepo shuleni. Haya yanayofuata nilisimuliwa na wenzangu.

Mwaka ule Bi Kwanini aliandika barua tatu kuomba Dada Mpishi aruhusiwe kufanya mtihani pamoja nasi. Zote zilijibiwa: amepita umri. Asubuhi ya tarehe 13 msimamizi akafika na bahasha yake, mtu mgeni, hamjui yeyote. Zamani zile fomu hazikuwa na picha, ni namba tu. Wenzangu ishirini na watatu walikuwa wamepanga mstari kwenye baraza ya darasa. Mmoja akasema, "Kiti cha Futikamba kitakaa tupu." Wakageuka wote kutazama jikoni. Walipiga kura palepale, kwa mikono, bila kutoa sauti. Dada Mpishi alikuwa akisugua sufuria. Walimvua aproni, wakamvika sare yangu. Msimamizi akaita, "Kumi na saba!" Akajibu, "Nipo."

Bi Kwanini aliporudi hakufoka. Aliita Baraza akasema: "Nikiwaandikia ukweli, wataifuta mitihani yenu yote na kuifunga shule. Nikinyamaza, mimi ni mwongo, na uongo nimewafundisha mimi. Anayejua njia ya tatu anyooshe mkono." Hakuna mkono ulioinuka. Hakuandika. Nadhani jambo lile lilimla polepole mpaka alipofariki.

Nilipopona aliniita ofisini, akanipa karatasi ileile ya maswali ambayo macho yangu yalikuwa hayajaiona. Akaweka saa mezani, akakaa mbele yangu saa tatu kamili bila hata kukohoa. Mwalimu wa Hesabu akasahihisha: sitini na nane. Chuo cha upimaji kilitaka sitini. Bi Kwanini akaniambia, "Hizi sitini na nane ni zako, nenda nazo chuoni. Hicho kingine kitakachokuja, usijisifie."

Kilikuja Januari: tisini na saba, ya kwanza nchi nzima, namba kumi na saba. Akaja mtu wa gazeti na kamera yake. Akaniambia, "Tabasamu." Nikatabasamu. Nyuma yake, kwenye dirisha la jiko, nilimwona Dada Mpishi akimenya viazi. Hakuinua uso.

Ndicho kisa chote. Kura sikupiga, sikuwepo. Chuo sikuiba, nilikuwa na sitini na nane zangu. Nilichoiba ni lile tabasamu, na nimeishi nalo miaka sitini na moja. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wakinitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza." Nami nikawa natazama viatu vyangu, watu wakasema nina haya. Machi ya mwaka ule nilipokwenda shuleni kuchukua cheti, nikaambiwa Dada Mpishi ameondoka jana yake, hakuacha hata salamu. Sikuuliza kwa nini. Nilijua.

Jana nimemwambia mwanangu mkubwa. Akaniuliza, "Sasa Mama, sisi tuseme mama yetu alikuwa nani?" Akaondoka, chai yake akaiacha mezani.

Andika yote.

Futikamba


Shuleni, 30 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Siku tatu za kwanza nilikasirika. Nilikuwa nimepata shujaa, ukaninyang'anya. Siku ya nne nikaenda kwenye lile jiko la zamani, ambalo sasa tunaweka viti vibovu, nikasimama pale alipokuwa akisimama. Bibi, kutokea pale ubao wa darasa unaonekana nusu tu. Nusu ya kulia! Alikuwa akikokotoa maswali ambayo mwanzo wake hakuuona. Aliutafuta mwanzo kutoka mwishoni, huku anakoroga sufuria. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kusimama mahali nikajiona mdogo namna ile.

Mwalimu Mkuu alitaka tusifukue. Alisema, "Wakitunyang'anya kituo cha mitihani, hawa watoto karibu mia nne niwapeleke wapi?" Ana haki ya kuogopa. Lakini Baraza bado lipo, nikalipeleka huko. Wasichana walibishana siku mbili. Wengi walisema udanganyifu ni udanganyifu, hata ukivaa sare. Yule mkaidi akasimama akauliza, "Na waliomkatalia kwa sababu ya umri wake, wao tuwaiteje?" Kura za kusema ukweli wote: mia mbili na sitini. Za kunyamaza: mia moja kumi na tatu, ya Mwalimu Mkuu ikiwemo. Aliposhindwa, alivaa viatu vyake vya safari akaenda mwenyewe ofisi ya mitihani, na barua yako mkononi.

Nilifuatana naye. Tulibeba pia karatasi yako ya sitini na nane, maana nimeikuta katika jalada la Bi Kwanini, ina sahihi yake na ya Mwalimu wa Hesabu. Ofisa alisoma kila kitu mara mbili. Akavua miwani. "Msimamizi amekwishafariki, mwalimu mkuu wa wakati ule amefariki, mwenye namba amekiri mwenyewe. Sasa mnataka nimfunge bibi kizee?" Chuo chako na kazi yako haviguswi. Ila nafasi ya kwanza ya mwaka ule wameifuta, na ubao wetu wa heshima sasa una mstari mtupu juu. Pole, Bibi. Mimi ndiye niliyemshikia fundi ngazi.

Limebaki moja. Katika jalada hilohilo kuna nakala ya barua ya Bi Kwanini kwa kiwanda cha sukari, anamwombea mpishi wake kazi ya ukarani wa mizani. Niliandika kiwandani. Wakaniandikia kwamba mstaafu huyo huja kila mwezi kugombana na mhasibu.

Dada Mpishi yuko hai. Ana miaka themanini na sita. Nimempelekea nakala ya barua yako. Sikukuomba ruhusa, na kama nimekosea nitaomba radhi mbele ya wote.

Mtoto wako,
Mwalimu wa Historia


Kwangu, 14 Mei

Mdogo wangu Futikamba,

Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho kwa miwani ya mjukuu wangu, maana yangu ilikuwa imelowa.

Unadhani niliondoka kwa kinyongo. Nani kakwambia? Nilikimbia! Niliposikia kesho unakuja kuchukua cheti, nilifunga virago vyangu siku hiyohiyo. Nisingeweza kukutazama usoni. Mimi ndiye niliyekuibia.

Nisikilize vizuri. Wenzako wanasema walinivua aproni. Walikuwa wananisitiri, Mungu awabariki. Mmoja alifika mlangoni akaanza, "Dada, tunakuomba," na kabla hajamaliza aproni ilikuwa chini. Sikusema nimsaidie mtoto mgonjwa. Wewe hukuwa kichwani mwangu hata kidogo. Niliitaka ile karatasi kama mwenye kiu anavyotaka maji, sikuuliza kikombe cha nani. Nilipokaa na kuifungua nikasahau kama nina mwili. Saa tatu zile ndizo zilikuwa zangu kuliko saa zote nilizoishi.

Nilipotoka nje ndipo nikakukumbuka. Nikasema, masikini, yule binti ataishi na kuzeeka asijue kama angeweza mwenyewe. Nimemnyima mtihani wake. Siku ya kamera sikuinua uso kwa aibu. Vile viazi nilivimenya mpaka vikabaki kama kokoto.

Kumbe ulikuwa na sitini na nane! Mbona hamkuniambia? Bi Kwanini alijua kufunga mdomo kuliko kufunga mlango. Miaka sitini na moja, kila nikipita mahali nikaona watu wanapima barabara, nimekuwa nikijiuliza kama yule binti anaviamini vipimo vyake. Nimekuombea wewe kuliko nilivyowaombea watoto wangu, nao ni wanne.

Usinionee huruma. Nilikaa kwenye mizani miaka thelathini na mmoja, na ishirini ya mwisho nilikuwa mkuu wa mizani. Madereva wa malori waliniita Bi Gramu. Walijaribu kila ujanja, mawe chini ya miwa, maji kwenye matela. Nikitazama tu matairi yalivyokaa najua. Watoto wangu hawakugusa kijiko kabla hawajakokotoa swali. Nimeishi vizuri.

Mwalimu wako kijana alifika hapa, akaniuliza nataka nini. Jengo lipewe jina langu? Nikamwambia jengo la nini, nilideki? Sherehe? Magoti hayataki. Akauliza, basi nini, Bibi?

Nikamwambia nataka kufanya mtihani. Kwa jina langu.

Dada yako,
Mpishi


Nyumbani, 26 Mei

Shikamoo Dada,

Nilicheka mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kama niko salama. Nilipomfungulia mlango nikaanza kulia, masikini akachanganyikiwa.

Wezi wawili tumejifungia miaka yote hii, kila mmoja anamwogopa mwenye mali, kumbe mali haikupotea!

Ulijiuliza kama ninaviamini vipimo vyangu. Naviamini. Nimepima mabonde, nimepima njia ya reli, na kila nilipoanza kazi mpya nilijiambia: sitini na nane zinatosha, ila pima mara mbili. Sijawahi kubomolewa uzio. Ningekuwa na zile tisini na saba, pengine ningepima mara moja.

Mwanangu amerudi. Nilimpa barua yako akaisoma amesimama mlangoni. Akaketi. Akasema, "Ungetuambia mapema, Mama." Nikasema ndiyo. Safari hii alimaliza chai.

Wanataka kunipasua nyonga mwezi ujao, kwa hiyo Novemba sitaweza kusafiri. Lakini mkono ninao. Nakutumia maswali kumi ya pembetatu. Usimwonyeshe mjukuu.

Mdogo wako,
Futikamba


Shuleni, 14 Novemba

Shikamoo Bibi,

Ulitaka nikueleze siku ya jana bila kuacha hata nukta. Nitajaribu.

Alifika saa moja asubuhi, gauni la kijani, fimbo, mfuko wenye rula, kalamu tatu na kioo cha kukuzia maandishi ambacho tulikiombea kibali. Fomu yake tuliipeleka Juni, mtahiniwa wa kujitegemea. Siku hizi umri hauzuii mtu. Mlangoni msimamizi, binti mdogo tu, akamshika mkono kwa adabu: "Bibi, umemsindikiza nani?"

"Nimejisindikiza," akasema, akatoa kitambulisho.

Yule binti akakitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akakitazama tena. Akaita jina lake, yote matatu, kwa sauti. Bibi, aliitikia kwa sauti ambayo niliisikia mpaka nje. Nafikiri hata jikoni waliisikia.

Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye majani mbele ya ukumbi. Baada ya robo saa akaja msichana mmoja akakaa pembeni yangu, kisha wawili, kisha darasa zima. Hakuna aliyewaita. Ilipofika saa nne wasiokuwa na mtihani walikuwa pale wote, zaidi ya mia tatu, wamekaa chini juani. Mpishi wetu wa sasa alitoka na aproni yake, akasimama nyuma. Mwalimu Mkuu naye alikuja, akatandika gazeti, akaketi kati ya wasichana wa darasa la kwanza. Nimeandika historia ya shule hii kurasa mia mbili na kumi, na kitabu tulikizindua Oktoba watu wakapiga makofi. Lakini jana, kwenye yale majani, ndipo nilipoona shule ni kitu gani.

Mara moja tu mlango ulifunguliwa: alikuwa ameomba karatasi ya nyongeza.

Saa zilipokwisha alitoka wa mwisho. Wasichana wakasimama wote kwa pamoja. Hawakuweza kupiga makofi, maana chumba cha pili walikuwa bado wanaandika mtihani mwingine. Walisimama tu, wakamfungulia njia. Alipita katikati yao, fimbo inagonga mawe, uso umekunjamana. Akasimama mbele ya yule mkaidi, ambaye alikuwa ametoka kufanya mtihani huohuo, akamuuliza, "Swali la tisa, wewe umelionaje?"

"Lilinishinda, Bibi."

"Walilikosea wao. Au nimelikosea mimi. Twende."

Wakaenda kukaa chini, wakachora ardhini kwa fimbo, na wengine wakawazunguka wakibishana. Chakula cha mchana kilipoa.

Jengo mmelikataa wote wawili, kwa hiyo mpaka leo linaitwa Jengo.

Mtoto wako,
Mwalimu wa Historia


Kwangu, 20 Januari

Mdogo wangu Futikamba,

Sabini na moja.

Miaka sitini na miwili imenila alama ishirini na sita. Sinuni. Wengine imewala wazima.

Swali la tisa nilikosea mimi. Mwalimu wa Hesabu wa siku hizi amenionyesha. Niligawanya mahali pa kuzidisha, kosa la mtu mwenye haraka. Yule binti mkaidi amepata themanini na nne, na anasema anakwenda chuo chako. Amenipigia simu akipiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Cheti kilikuja jana. Majina yangu matatu yapo, herufi zote sawa. Mjukuu alitaka kukiweka kwenye fremu. Nikamwambia subiri kwanza, nataka kukishika. Nilikaa nacho mapajani toka asubuhi mpaka chakula. Nilitaka kulia kidogo, lakini kila nikitazama jina langu nacheka.

Sasa wewe. Nasikia nyonga imepona, unatembea mpaka sokoni. Zile sitini na nane zako zinajulikana kwa watu wangapi? Ziko ndani ya jalada, kwenye sanduku la bati. Fomu zinatoka tena mwaka huu. Mimi nitakuja nikae nje na wasichana.

Dada yako


Nyumbani, 2 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Usishtuke. Mwanafunzi humwamkia mwalimu wake, hata kama mwanafunzi ana miaka sabini na tisa.

Naomba unitumie fomu, na vitabu vya darasa la mwisho, maana vyangu mchwa walivimaliza zamani. Mwanangu amesema ataniendesha mpaka mlangoni na atangoja. Dada amenitumia swali la tisa. Jana nimelianza baada ya chai ya asubuhi, nikanyanyua kichwa jua limefika utosini, mezani pamejaa karatasi.

Sijalipata bado. Ni miaka mingi sijafurahi namna hii.

Mwanafunzi wako,
Futikamba